Jiwe Jeusi la Jikoni kwa Mdogo Wangu

Mama aliishi kwangu miaka saba kabla mdogo wangu hajamaliza nyumba yake. Nalisema hili mwanzoni ili ijulikane kwamba nilikuwa na sababu ya kununa. Tulimtoa Olenguruone baada ya baridi ya kule kumwingia kwenye viungo, vidole vikavimba hadi akashindwa kukamua, na aliyemchukua ni mimi, binti mkubwa, katika nyumba yangu ya vyumba viwili hapa Nakuru, upande wa Kaptembwo. Mdogo wangu wakati huo alikuwa anakaa Olkaria kwenye nyumba za wafanyakazi wa mitambo ya mvuke. Akipiga simu alikuwa na maneno yale yale: "Shikilia hapo, sister." Nikashikilia.

Kisha akajenga nyumba Kiamunyi, Nakuru hii hii. Mwaka juzi, wiki moja baada ya Pasaka, alikuja na mkewe wakasema wanamchukua Mama kwa wiki mbili aone nyumba. Mama akafunga leso tatu na kitabu chake cha nyimbo, akaingia garini mbele, kiti cha mkwe. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitatu. Nikimuuliza kwenye simu anarudi lini, ananijibu, "Tutaona," kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Nilichokuwa nataka ni kimoja, Mama arudi kwangu. Nyumba yao sikuitaka, wala gari, ingawa najua hakuna atakayeniamini nikisema hivyo. Nilizoea kuamka na kumkuta jikoni amewasha jiko, akinung'unika wimbo na kufuta mahali palipokwisha kufutwa. Mama ni mtu wa namna hiyo. Hajawahi kuniambia ananipenda, na mimi sijawahi kumuuliza, lakini kwa miaka saba alisugua sufuria zangu hadi nikaweza kuona meno yangu kwenye vifuniko. Sasa alikuwa anasugua za mtu mwingine, na roho iliniuma kila Jumapili nilipokwenda kuwatembelea baada ya kanisa.

Siku ya kwanza niliyoingia jikoni mwao ndiyo niliyoliona lile jiwe. Kaunta nzima ilikuwa ya marumaru nyeusi, kutoka mlangoni hadi dirishani, na kipande kingine kimesimamishwa ukutani nyuma ya sinki. Ndani yake mlikuwa na mishipa myeupe, kama maziwa yanavyoonekana kwenye chai kabla hujakoroga. Lilikuwa zuri, na ndilo lililoniudhi. Kama lingekuwa baya ningelisifu bila shida.

Fundi aliyelikata ni wa kuchonga mawe ya makaburi, ana karakana yake kando ya barabara, misalaba imepangwa nje. Niliposikia hivyo nilimuuliza mdogo wangu kama waliokota vipande vilivyobaki kwa marehemu fulani. Mdogo wangu alicheka hadi akakohoa. Mkewe alitabasamu tu, akaniongezea chai, na hiyo ilinikera kuliko kama angenijibu.

Nimseme huyu mke wa ndugu yangu kabla sijaendelea. Kwao ni upande wa magharibi, babu yake alikuja Nakuru na kazi ya reli na hawakurudi. Ni mwalimu wa sayansi. Ana sauti ya chini, hana maringo, na kila nikitafuta kosa lake nakosa pa kushika. Mtu kama huyo ni mgumu sana kumwonea wivu kwa starehe. Unabaki na wivu wako wote mikononi na hakuna mahali pa kuuweka.

Alinifundisha lile jiwe kana kwamba nilikuwa nimeomba. Nilikuwa nimeinua sufuria kutoka kwenye moto nikataka kuiweka kwenye kaunta, kama ninavyofanya kwangu ambako kaunta ni simiti iliyolainishwa juu kwa niru, imepasuka mahali pawili, na ukiibandika sufuria ya ugali haisemi kitu. Aliniwahi akaweka kibao chini yake.

"Sister, hii marble inaonekana ngumu lakini ni sensitive sana," akasema. "Ni kama chaki tu, ile ya darasani. Ilipikwa ardhini ikakuwa jiwe. Kitu yoyote iko na acid inaikula. Ndimu, vinegar, nyanya, soda, hata maziwa lala."

"Jiwe linaliwa na maziwa?" nikauliza.

"Pole pole, ndio."

Akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone moja juu ya jiwe, tukasimama kulitazama, wanawake wawili wazima. Tone lilibaki limevimba. Akasema hiyo ndiyo dalili kwamba dawa waliyopaka ya kuziba vitundu bado inafanya kazi, na siku tone litakapozama na kuacha mahali pa giza, watapaka tena. Ila dawa hiyo huzuia mafuta na chai kuingia ndani, haizuii ndimu kuunguza juu. Kusafisha ni sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, kisha kukausha papo hapo. Alinieleza hayo yote mara tatu katika Jumapili tatu, nadhani kwa sababu nilikuwa natazama pembeni naye akadhani sisikii. Nilikuwa nasikia. Wivu ulinifanya mwanafunzi mzuri, ningeweza kufanya mtihani. Nilikuwa najiambia tu, huyu ananifundisha mimi, niliyemfundisha mumewe kutembea.

Lakini lililonichoma hasa halikuwa masomo. Jumapili moja alasiri nilimkuta Mama amesimama mbele ya kaunta, viganja vyote viwili vimelala juu ya jiwe, macho amefumba. Nilidhani anaomba.

"Ni baridi vizuri," akaniambia kwa lugha yetu, bila kufumbua macho. "Vidole vikiwaka moto nakuja naviweka hapa. Vinatulia."

Miaka saba nilimkanda vile vidole kwa maji ya vuguvugu na dawa ya kuchua inayonuka nyumba nzima, na hakuwahi kufumba macho hivyo. Nililionea wivu jiwe. Nimeandika hivyo nikasoma tena, na ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nifike Jumamosi yenyewe. Mke wa ndugu yangu alikuwa anatarajia akina mama wa kanisa lake siku iliyofuata, ushirika ulikuwa zamu ya nyumba yake. Mdogo wangu alikuwa Olkaria kazini. Watoto walikuwa na sherehe ya shule, kwa hiyo mama yao akaniomba nije nishinde na Mama, nisaidie kufua vitambaa vya meza, yeye akaenda na watoto. Nilikubali haraka. Siku nzima na Mama peke yangu, ningemwambia tena habari ya kurudi.

Nilimwambia, tukila uji. Akasema, "Huyu binti ananitunza vizuri, nitamwambia nini?" Nikamuuliza kama mimi nilimtunza vibaya. Akasema, "Nani amesema vibaya?" akaondoa vikombe. Nilitoka nje na beseni la nguo nikiwa nimefura. Nilipiga vile vitambaa kwenye ubao wa kufulia hadi povu likaniruka machoni.

Mtu asiyekaa Nakuru lazima aelezwe kuhusu maji. Maji yetu ya kisima kirefu ndiyo yaliyowapa watu wa hapa meno ya kahawia, na yakikauka mahali huacha chumvi nyeupe iliyokauka ngumu. Birika, bomba, glasi, kila kitu kinavaa huo ukoko mweupe. Kila mwanamke wa huku ana dawa yake na dawa ya wote ni moja, unakata ndimu, unaikamulia pale, unaiacha ilainishe, kisha unasugua. Mama hakuijua dawa hiyo Olenguruone, kwa sababu maji ya kule hayaachi kitu. Mimi ndiye niliyemfundisha, mwezi wake wa kwanza kwangu, juu ya birika langu.

Nilikuwa nimerudi mlangoni kuchukua vibanio vya nguo. Mlango wa nyuma wa jikoni ulikuwa wazi. Mama alikuwa kwenye sinki, mgongo kwangu. Jiwe pale karibu na bomba lilikuwa na pete za chumvi, na juu ya weusi ule zilionekana sana. Nilielewa mara moja alichotaka, akina mama waje wakute pamefutwa, mkwe asifiwe. Alikuwa na ndimu mbili. Alikata ya kwanza, akaikamulia moja kwa moja juu ya jiwe na kuanza kuzungusha ganda kwa kile kiganja chake kilichovimba.

Nilijua. Hakuna mtu katika ule mji aliyejua vizuri kuliko mimi saa ile. Neno moja lingetosha. Lilikuja hadi kwenye meno, na nyuma yake likaja wazo jingine: wacha liharibike. Wacha aone kama hapa ni kwake. Liharibike, apewe maneno, arudi kwangu ambako anaweza kusugua kila kitu.

Alinyoosha mgongo kidogo, akatulia kama mtu anayesikiliza. Kisha akachukua ndimu ya pili, akaikata.

Nilichukua vibanio nikarudi kwenye kamba. Nilianua nguo nilizokwisha kuanika nikazianika upya. Baadaye nikachukua kibuyu cha plastiki nikapiga kelele kutoka uani kwamba naenda kununua maziwa, nikaenda kwenye kibanda cha mbali, nikisimama kusalimia watu nisiowajua. Sikutaka kuwepo.

Niliporudi gari lilikuwa limeingia. Jiwe likiwa limelowa halionyeshi kitu, ndiyo hila yake. Sasa lilikuwa limekauka. Kuanzia kwenye bomba hadi katikati ya kaunta palikuwa na madoa ya kijivu, yamefubaa, mengine ya matone na mengine ya duara refu la mkono unaozunguka. Ungeweza kufuata kazi yote ya Mama pale, alipoanza na alipoishia. Mke wa ndugu yangu alipitisha kidole juu yake.

"Haidhuru, Mum," akasema. "Kweli, si kitu."

"Nimekuharibia," Mama akasema.

"Si kitu, Mum. Wewe ulikuwa unanisaidia."

Akaenda chumbani. Aliporudi alikuwa amenawa uso, na kwa siku hiyo yote hakusema tena juu ya jiwe. Nilikuwa nimesubiri apandishe sauti angalau kidogo. Nilihitaji apandishe. Nilipoona hapandishi nilimchukia zaidi, na nikatabasamu, nikamimina maziwa kwenye sufuria.

Jumapili akina mama walipokuja, kaunta ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha meza nilichokifua mimi. Mama aliketi kwenye kiti karibu yake, mikono imefungwa kwenye leso. Wageni walipoondoka alimpigia mdogo wangu simu, akamwambia anataka kurudi kwangu. Mdogo wangu alipiga kelele kwenye simu, "Mathe, hiyo ni mawe tu!" Mama akasema anajua ni mawe.

Nilimchukua Jumatatu. Nilifurahi, sitajifanya. Nilichinja kuku, nikanunua godoro jipya, nikamwambia jirani kwa sauti ya kutosha kwamba Mama amerudi nyumbani. Asubuhi ya kwanza nilibaki kitandani nikisubiri kusikia jiko likiwashwa. Sikusikia. Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye kiti cha sebuleni, amevaa, mkoba mapajani kama mtu anayengoja hospitalini.

"Hukuwasha jiko?" nikamuuliza.

"Sikujua kama unataka."

Aliingia jikoni nyuma yangu, akalishika birika, akaliachia. "Hii naweza kuosha?" akauliza. Alikuwa anauliza juu ya birika lililopigika pande zote, ambalo alilisugua miaka saba bila kuuliza mtu. Nikamwambia, Mama, osha chochote. Akaosha, akafuta, kisha akasimama nalo mkononi juu ya ile simiti yangu iliyopasuka na kuuliza, "Nikiweka hapa si vibaya?"

Ikawa hivyo kila siku. Kitambaa hiki ni cha kufutia wapi? Sabuni hii haili kitu? Nilianza kwa kumjibu taratibu, nikaishia kumkaripia, na baada ya kumkaripia alipunguza kuuliza kwa kupunguza kugusa. Sufuria zangu zikaanza kuwa nyeusi.

Baada ya wiki tatu mke wa ndugu yangu alinipigia simu, akasema fundi anakuja kuling'arisha jiwe upya, kama naweza kumsaidia kuhamisha vyombo. Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda, labda nilitaka kuona kama kitu kile kinaweza kutoka.

Kinatoka, ila kwa jasho. Fundi yule wa makaburi alipitisha mashine yenye visahani vya kusagia, kuanzia vyenye makali hadi laini, mimi nikimwaga maji, tope la kijivu likitiririka hadi kwenye viatu. Mwisho alitumia unga mweupe na kitambaa kizito. Alieleza kwamba ile haikuwa rangi iliyoingia ambayo mtu angeweza kuifuta. Uso wenyewe wa jiwe ulikuwa umeliwa, na dawa yake ni kuuondoa wote hadi chini ya palipoliwa.

"Zile naweka kaburini hazinirudishi kazi, mathe," akaniambia. "Huko hakuna mtu anakamua ndimu."

Alipotoka kuchukua kifaa kingine, mke wa ndugu yangu aliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Bwanangu nilimwambia makosa ni yangu," akasema. "Wewe nilikuambia mara tatu. Mum sikumwambia hata mara moja. Niliogopa ataona ni kama namkataza kushika vitu kwa nyumba ya kijana wake."

Nilikuwa nakamua kitambaa ambacho hakikuwa na maji.

"Na vile siku hiyo ulikuwa hapa," akaendelea. "Nilimuuliza Mum kwani sister hakuona? Akaniambia wewe ulienda kununua maziwa mapema, hata kabla akate hizo ndimu. Nikasema basi ni bahati mbaya tu."

Nilirudi Kaptembwo jioni hiyo hiyo kabla jua halijazama. Mama alikuwa uani, anachambua mboga kwenye ungo, mboga ambayo nilikuwa nimemruhusu aishike asubuhi. Niliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele yake, na mikono yangu bado ilikuwa na ule unga mweupe kwenye kucha.

"Mama," nikamwambia, "siku ya ndimu sikuwa nimeenda kununua maziwa bado."

Aliendelea kuchambua. Majani mazuri upande huu, yaliyotobolewa upande ule.

"Nilikuwa mlangoni. Nilikuona. Nilijua inaharibu."

"Najua ulikuwa mlangoni," akasema. "Lile jiwe la ukutani lilikuwa linang'aa. Nilikuona ndani yake, umesimama na vibanio."

Nikamuuliza kwa nini basi alimwambia mkwe vile. Akasema, "Ningemwambia nini? Kwamba mtoto wangu ananitazama?"

Alikunguta ungo, akaokota jani lililoanguka.

"Nilipokamua ya kwanza nilisikia mkono unaogopa kidogo," akasema. "Jiwe geni, sikulijua. Ndipo nikakuona. Nikasema, huyu analijua, amefundishwa. Kama ni vibaya ataniambia. Ukanyamaza. Basi nikakata ya pili."

Alinipa ungo niingize ndani. Nilitaka arudi kwangu, na amerudi, mwaka wa pili huu. Jiko nawasha mwenyewe. Hadi leo hagusi kitu nyumbani kwangu bila kuuliza kwanza, na nikimjibu kwamba hakuna ubaya, ananitazama usoni kidogo kabla ya kukigusa.